“Mama, wewe ungelala wapi humu?” Jibu kwa msomaji kuhusu majumba ya Mto Hudson na watumishi wake

*“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, ninaishi Poughkeepsie, jimbo la New York, huu ni mwaka wa saba. Kazi yangu ni kusafisha nyumba za watu. Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu, binti wa miaka 11 na mdogo wake, kuangalia mojawapo ya majumba makubwa ya zamani kando ya Mto Hudson. Jumba ni zuri mno, dari zimenakshiwa, bustani inateremka hadi karibu na mto. Binti yangu akaniuliza kwa Kiswahili, ‘Mama, wewe ungelala wapi humu?’ Nikakosa la kujibu. Nikamuuliza aliyekuwa anatutembeza. Akasema hapa ni Kaskazini, utumwa ulikuwa Kusini. Watumishi wa hapa walikuwa Waairishi, walilipwa vizuri, na walichukuliwa kama familia. Majina yao hakuyajua. Je, ni kweli? Na majina hayo yanaweza kupatikana, au yamepotea? Sitaki kumjaza mtoto chuki, lakini pia sitaki kumdanganya.”*

Marahaba, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwa binti yako. Wageni wengi wakiingia kwenye majumba yale huuliza zulia limetoka wapi na dhahabu ile ni ya kweli au ya kupaka. Yeye ameiona kazi. Mtoto wa mtu anayesafisha nyumba anajua kuwa sakafu haijing’arishi yenyewe.

Nikikuelewa vizuri, unataka kujua kama ulichoambiwa ni kweli, na kama si kweli, umwambie nini mtoto bila kumtia uchungu usio wake. Nianze na ulichoambiwa, maana kina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo kinapotosha zaidi kuliko uongo mtupu. Waairishi walikuwepo kweli. Mishahara ilikuwepo. Lakini hiyo ni habari ya zama za pili. Majumba mengi yanayotembelewa leo yalijengwa au kupanuliwa mwishoni mwa karne ya 19, ilhali ardhi yake, na mara nyingi ukoo wenyewe, ni wa tangu zamani zaidi. Na katika zama hizo za kwanza, waliofanya kazi pale walikuwa watumwa.

New York ilikuwa na utumwa kwa takriban miaka 200. Waholanzi, waliotawala hapo mwanzoni, waliwaleta Waafrika wa kwanza katika miaka ya 1620, na sheria iliyomaliza utumwa ilianza kazi tarehe 4 Julai 1827. Piga hesabu mwenyewe: muda ambao watu walimilikiwa kando ya mto huo unakaribia kulingana na muda wote uliopita tangu waachiwe. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilihesabu watumwa zaidi ya 21,000 katika jimbo hilo moja. Bonde la Hudson lilikuwa na wengi wao, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mashamba ya ngano, vinu vya kusaga na gati za kupakia unga kwenda mjini New York.

Ukiteremka na mto kutoka kwako utafika Sleepy Hollow, mahali ambapo kijito cha Pocantico kinaingia Hudson. Hapo kuna kinu na nyumba ya ukoo wa Philipse, matajiri wakubwa wa siku zile. Adolph Philipse alipofariki mwaka 1750, mali yake iliorodheshwa kwa ajili ya mirathi. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na mifugo na vyombo, kuna watu 23. Mmoja anaitwa Caesar, naye ndiye aliyekuwa msagaji wa kinu. Mwingine ni Diamond, mtu wa chombo, aliyejua maji. Baada ya hapo wengi wao waliuzwa. Utaona basi kwamba kazi ya ujuzi iliyoulisha utajiri ule, yaani kusaga na kusafirisha, ilikuwa mikononi mwa watu waliohesabiwa pamoja na ng’ombe.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga, nikuambie jambo ambalo huenda hukulitarajia. Baba yake Adolph, Frederick Philipse, katika miaka ya 1690 alikuwa akituma meli hadi Madagaska, kwenye kisiwa cha Sainte-Marie, kufanya biashara na Adam Baldridge, haramia wa zamani aliyekuwa ameweka kituo chake pale. Meli zilipeleka pombe, nguo na baruti, zikarudi na watu. Kwa hiyo miongoni mwa Waafrika waliofikishwa New York wamo waliotoka upande wetu wa Bahari ya Hindi. Binti yako akiuangalia mto ule, haangalii maji ya wageni watupu.

Swali linalofuata ni namna utumwa ulivyokoma, na hapo pana kosa linalofanywa hata na watu wenye nia njema. Wengi hudhani siku moja ilipigwa kengele na wote wakawa huru. Sivyo. Sheria ya mwaka 1799 ilisema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 4 Julai mwaka huo atahesabiwa kuwa huru, lakini atamtumikia bwana wa mama yake mpaka atimize miaka 28 akiwa mwanamume, au 25 akiwa mwanamke. Maana yake ni kwamba mwenye mali alifidiwa kwa ujana wa mtoto. Wazazi wao hawakuguswa kabisa, mpaka sheria nyingine, ya mwaka 1817, ilipoweka tarehe ile ya 1827. Hata siku hiyo ilipofika, watoto waliozaliwa chini ya sheria ya 1799 walibaki wakitumika mpaka umri wao utimie. Sasa hapo, dada, mtu akikuambia kwamba mwaka 1830 watumishi wa nyumba fulani hawakuwa watumwa, anasema kweli kwa mujibu wa karatasi. Lakini yule kijana aliyebeba kuni hakuwa na ruhusa ya kwenda zake.

Ng’ambo ya mto kutoka kwenu, katika wilaya ya Ulster, alizaliwa mwanamke aliyeitwa Isabella, ambaye dunia inamjua kwa jina la Sojourner Truth. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Bwana wake alimwahidi kumwacha huru mwaka mmoja kabla ya tarehe ya sheria, kisha akavunja ahadi. Mwishoni mwa mwaka 1826 Isabella aliondoka kwa miguu, amembeba mtoto mchanga. Baadaye akapata habari kwamba mwanawe mdogo, Peter, ameuzwa kinyume cha sheria na kupelekwa Alabama. Akaenda mahakamani Kingston, akashinda, na mwaka 1828 akarudishiwa mwanawe. Hayo yote yametokea mwendo mfupi kutoka mlangoni kwako.

Lakini mtu ambaye ningependa zaidi binti yako amjue ni mtunza bustani aitwaye James F. Brown. Alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1793. Akatoroka, akafika New York, akapata kazi kwa familia ya Verplanck. Siku moja mgeni aliyetoka kule kwao akamwona, akamtambua. Fikiria: umevaa nguo safi za kazi, umesimama wima, na jicho moja linakuvua kila kitu ulichojijengea. Waajiri wake waliingia kati, uhuru wake ukanunuliwa. Yeye naye akafanya mpango wa kununua uhuru wa mkewe, Julia. Kisha wakahamia Fishkill Landing, sehemu inayoitwa Beacon siku hizi, kwenye nyumba ya Verplanck ya Mount Gulian inayotazama Hudson, na hapo Brown akawa mkuu wa bustani.

Tangu mwaka 1829 hadi 1866 mtu huyu aliandika shajara. Ni shajara ya mtu wa kazi, haina maneno ya kujionyesha: hali ya hewa, kilichopandwa, kilichochanua, meli iliyopita, nani amekufa, nani ameoa. Katika jimbo la New York wakati huo mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali ya thamani ya dola 250, sharti ambalo mwanamume mweupe alikuwa ameondolewa. Brown alilifikia, akapiga kura, akaiandika. Nyumba aliyoihudumia iliungua mwaka 1931 na ikajengwa upya. Shajara iko salama mjini New York. Jumba limekuwa majivu, na daftari la mtunza bustani limebaki. Mimi huwa nalifikiria hilo sana.

Nimekaa sana kwenye zama za kwanza kwa sababu ndizo ulizofichwa. Sasa twende kwa Waairishi.

Njaa kubwa iliyoanza Ireland mwaka 1845 iliwasukuma watu wengi sana kuvuka Atlantiki, na miongoni mwao walikuwemo wasichana waliosafiri peke yao. Wengi waliingia kazi za ndani. Mwaka 1851 reli ilikamilika kutoka New York hadi Albany ikifuata ukingo wa mashariki wa mto, na matajiri wa mjini wakaweza kufika mashambani kwao kwa saa chache. Ndipo yalipokuja majumba ya fahari ya mwisho wa karne. Frederick Vanderbilt, wa ukoo uliotajirika kwa reli, alijengewa lake Hyde Park, mji jirani na wenu, kati ya mwaka 1896 na 1899. Lina vyumba 54, lilipata umeme kutoka kwenye mtambo uliozungushwa na maji ya kijito chake, na wenyewe walikaa pale kwa wiki kadhaa tu za majira ya kuchipua na ya majani kupukutika. Shamba zima liliajiri watu wapatao 60, wengi wao wakiwa wa bustani, mazizi na mashamba.

Ili umwelewe mtumishi wa nyumba kama hiyo, usianze na sebule. Fuata sahani. Jiko liko chini kabisa, ili joto, harufu na hatari ya moto visiwafikie wakubwa. Chakula kikiiva kinawekwa kwenye kilifti kidogo cha kamba, kinavutwa kwa mkono hadi chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa kulia. Hapo msimamizi wa meza anakipokea, anakipanga, mlango unafunguliwa, na wageni wanaona sahani zimetokea kana kwamba zimejileta. Baada ya kula zinarudi chumba kile kile, zinaoshwa kwenye sinki la shaba. Kwa nini shaba? Kwa kuwa ni laini kuliko chuma, na sahani ya kaure ikimteleza mwoshaji haivunjiki upesi. Ukirudi kwenye majumba hayo, muulize anayewatembeza awaonyeshe sinki hilo. Mtu alisimama mbele yake saa nyingi kila siku, mikono ikiwa ndani ya maji ya moto. Wewe utalielewa kuliko wote mtakaokuwa nao.

Kisha tafuta ubao wa kengele karibu na jiko. Kila chumba cha juu kina kitufe, na kwenye ubao kuna jina la kila chumba. Kitufe kikibonyezwa, kengele inalia na alama ya chumba inatokea, na mtu anaacha alichokuwa anakifanya, hata kama ni chakula chake. Halafu tafuta ngazi za nyuma. Ngazi za mbele ni pana, za mawe, zina zulia. Za nyuma ni nyembamba, zina mwinuko mkali, na zimefichwa nyuma ya mlango unaofanana na ukuta. Zilijengwa hivyo kwa makusudi. Mchoraji wa ramani alilipwa apange nyumba mbili ndani ya moja, ili waliomo katika ya kwanza wasikutane na wa ya pili isipokuwa wakiwahitaji. Kwa hiyo aliyewatembeza kutowajua watumishi sikushangai sana. Jumba lenyewe lilifundishwa kuwaficha.

Nje pia kulikuwa na kazi yake. Wakati wa baridi kali mto na mabwawa yaliganda, wanaume wakakata barafu kwa misumeno, vipande vikubwa vikaburutwa na farasi hadi kwenye ghala la barafu, vikafunikwa kwa machujo ya mbao, vikadumu hadi joto la Julai. Aisikrimu iliyoliwa kwenye baraza wakati wa kiangazi ilianza Januari, na vidole vya mtu vikiwa vimekufa ganzi.

Sasa lile neno la “kama familia”. Hili nataka tulichambue taratibu, maana nasi tunalo. Nyumba ngapi za kwetu, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, utasikia, “Huyu si hausigeli, huyu ni mwanetu”? Na wakati mwingine ni kweli kabisa, upendo upo. Lakini upendo haukuonyeshi mtu anaamka saa ngapi. Mimi nina maswali mawili ninayoyatumia kila ninapokutana na neno hilo kwenye barua za matajiri: angeweza kuondoka? Na akiondoka, angeondoka na nini?

Kwa Caesar wa kinuni jibu la swali la kwanza ni hapana, na habari inaishia hapo. Kwa msichana wa Ireland mwaka 1900 jibu ni ndiyo, na tofauti hiyo ni kubwa mno, tusiifanye ndogo. Wasichana hao waliacha kazi mara kwa mara, wakahama nyumba hadi nyumba, mabibi zao wakalalamika sana. Walituma pesa kwao, wakawalipia wadogo zao nauli ya meli, wakachangia makanisa. Lakini swali la pili linakuonyesha kamba ilipokuwa. Bila barua ya sifa kutoka kwa bibi wa nyumba, ilikuwa vigumu kupata kazi nyingine nzuri. Alilala palepale alipofanyia kazi, kwa hiyo siku yake haikuwa na mwisho. Desturi ilikuwa apate mchana wa Alhamisi na Jumapili moja katika mbili.

Na wao wenyewe walisema. Hapo hapo Poughkeepsie, kwenye Chuo cha Vassar, mwanahistoria Lucy Maynard Salmon aliwapelekea waajiri na watumishi maswali yaliyochapishwa, akatoa matokeo mwaka 1897. Watumishi hawakulalamikia mshahara kwanza. Walisema hawana jioni ya kwao. Walisema wanaitwa kwa jina la kwanza kama watoto, wakati wenzao wa viwandani na madukani wanaitwa kwa heshima. Walisema watu wanawadharau kwa sababu ya kazi yenyewe. Ukisoma majibu yale unaweza kudhani yameandikwa jana na dada wa kazi wa Kinondoni.

Kuna jambo jingine la hapo Hyde Park ambalo linaniuma kila ninapolieleza. Franklin Roosevelt alizaliwa na kukulia katika nyumba ya kando ya mto ule, Springwood, akihudumiwa na watumishi tangu utotoni. Alipopooza miguu, alitumia kilifti cha mizigo cha nyumba hiyo, akijivuta juu kwa kamba kwa mikono yake. Mtu huyu akiwa rais alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii mwaka 1935 na sheria ya kima cha chini cha mshahara mwaka 1938, sheria zilizowainua wafanyakazi wengi sana. Ya kwanza iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani. Ya pili haikuwafikia wa majumbani mpaka mwaka 1974. Hakuyaamua peke yake, yalipita kwenye Bunge na mabishano yake, lakini saini ni yake. Kwa hiyo ukiambiwa walikuwa kama familia, kumbuka kwamba sheria yenyewe iliwaacha nje ya pensheni.

Umeniuliza kama majina yamepotea. Mengi hayajapotea, dada. Yamelala tu. Kwa zama za pili, mlango mkubwa ni sensa. Sensa za Marekani hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, kwa hiyo zote hadi ya mwaka 1950 ziko wazi, isipokuwa ya 1890 ambayo karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea mwaka 1921. Tangu ile ya 1850 kila mtu aliyeishi kwenye nyumba ameandikwa kwa jina lake, umri na alikozaliwa, na tangu ile ya 1880, uhusiano wake na mkuu wa kaya pia. Tafuta neno linalomaanisha mtumishi. Sensa ya 1900 na ya 1910 zinakuambia pia mwaka alioingia Marekani na kama anajua kusoma. Ya 1940 inataja mshahara wa mwaka uliotangulia na saa alizofanya kazi katika wiki moja. Jimbo la New York nalo lilikuwa na sensa zake za mwaka 1905, 1915 na 1925.

Hapa watu hukosea, kisha wanakata tamaa. Wanatafuta mji wa jumba, wanaona mlinzi na mtunza bustani tu, wanadhani wengine hawakuandikwa. Kumbuka matajiri hawa walihama na majira. Sensa ya 1910 ilihesabu watu walipokuwa tarehe 15 Aprili, ile ya 1920 tarehe 1 Januari. Mwezi Januari mpishi na wasichana wa vyumba walikuwa na bibi yao mjini Manhattan. Kawatafute huko, kwenye nyumba ya mjini ya ukoo uleule, utawakuta wamepangwa mmoja chini ya mwingine: Ireland, Sweden, Uingereza, Ufaransa.

Kwa zama za utumwa njia ni nyembamba zaidi. Sensa ya 1790 na zilizoifuata hadi 1840 ziliandika jina la mkuu wa kaya tu, na watumwa wakawa tarakimu tu. Majina yao utayapata katika wosia, katika orodha za mirathi kama ile ya Philipse, katika vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kiholanzi, katika hati za kuachiwa huru, na katika matangazo ya magazeti ya kumtafuta mtoro, ambayo kwa masikitiko ndiyo yanayomweleza mtu vizuri kuliko yote: urefu wake, kovu lake, lugha anazosema, koti alilovaa. Na ile sheria ya 1799 iliwalazimisha wenye watumwa kuandikisha kila mtoto aliyezaliwa kwa karani wa mji. Vipo vitabu hivyo hadi leo. Katika vingine mama anatajwa kwa jina moja tu, na mtoto kwa jina moja tu.

Kazi hii ya pili usiifanye peke yako kwa simu usiku. Maandishi ni ya mkono, tahajia inabadilika kila ukurasa, na kuna wakati utasoma jambo litakalokukaba koo. Tangu mwaka 1919 sheria ya New York inataka kila mji uwe na mwanahistoria wake aliyeteuliwa. Mpigie wako, omba kuonana naye, mweleze jumba gani na miaka gani. Nenda pia kwa watunza nyaraka wa wilaya. Hawatozi kwa kuuliza, na kwa uzoefu wangu hufurahi sana kumpata mtu anayewauliza kuhusu mwoshaji wa vyombo na si kuhusu mwenye jumba.

Na nikuulize wewe jambo, kwa heshima. Umesema unasafisha nyumba za watu. Kama umeajiriwa na mwenye nyumba, ujue kuwa New York mwaka 2010 ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya haki za wafanyakazi wa majumbani: siku moja ya mapumziko kila wiki, malipo ya ziada baada ya saa 40, au 44 kwa anayelala palepale, na likizo yenye malipo baada ya mwaka. Karatasi zako za uhamiaji zikiwa za namna yoyote, mshahara wako unalindwa. Ukiona hesabu haziendi sawa, usiandikie watu kama mimi. Mwone wakili wa haki za wafanyakazi au chama cha wafanyakazi wa majumbani ana kwa ana, ukiwa na daftari la saa zako.

Turudi kwa mtoto. Wapo wazazi wanaosema bora kutompeleka kabisa, ni makaburi yenye mapambo. Wapo wanaosema mwache afurahie bustani, historia ataikuta shuleni. Sikubaliani na wote wawili. Ukimnyima, unamfundisha kwamba uzuri ule ni wa watu wengine, na hali waliouweka pale, wakaung’arisha na kuupalilia, walikuwa watu wa kazi. Ukimwacha na bustani tu, anabaki na lile “kama familia”. Miaka 11 anaweza kubeba habari ya James Brown, na anaweza kubeba habari ya Sojourner Truth kumfuata mwanawe mahakamani. Mdogo wake mwonyeshe sinki na kengele, inamtosha kwa sasa.

Akikuuliza kama mambo haya ni ya Wazungu tu, mwambie kweli. Hata kwetu lipo jumba la mtoni, na jina lake ni Mtoni. Pale Unguja, kijito kinapoingia baharini, Seyyid Said alijijengea kasri katika miaka ya mwisho ya 1820. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, aliandika baadaye kuwa waliishi ndani yake watu wapatao elfu moja. Tunajua majina ya ndege na wanyama waliozunguka uani kuliko tunavyojua majina ya waliowachotea maji, kwa sababu aliyeandika alikuwa binti wa mfalme. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Magofu yangalipo. Mkirudi likizo, mpeleke.

Na lile swali lake la kwanza lina jibu. Kama ni zama za Philipse, mama ungelala darini, au jikoni karibu na majivu ya moto, au chini ya sakafu. Kama ni mwaka 1910, ungekuwa ghorofa ya juu kabisa, upande wa nyuma, kitanda cha chuma, ndoano ya kutundikia nguo, dirisha dogo. Kabla ya safari ya pili chapisha ukurasa mmoja wa sensa, mpe binti yako aushike. Mkifika ombeni mpandishwe kwa ngazi za nyuma. Nyumba nyingine siku hizi zina ziara maalumu za huko juu, na kwa zisizo nazo, jaribuni kuomba mapema. Mwache ahesabu vidato mwenyewe, na akifika juu asome majina yote kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, ndani ya chumba walicholala.